Kujua kwamba mungu yupo si imani

Nimeisikia tena, na safari hii hata mchezo haujaanza. Mchezaji mgeni anajaza karatasi ya kuhani wake, mhusika atakayemwigiza mchezoni, kafika kwenye nafasi ya jina la mungu, akairuka. Nikamuuliza kwa nini. "Huku mchezoni kila mtu anajua miungu ipo, wafu wanafufuliwa mchana kweupe. Imani ya nini tena? Kuhani ni mchawi aliyevaa kanzu."

Naongoza meza za Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi na kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, kwa miaka mingi sasa, na hoja hii imenichosha. Kila anayeileta anadhani ndiye wa kwanza kuigundua.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe, na sisi tunaozungumza Kiswahili hatuna kisingizio. Imani, amini, mwaminifu, amana: ukoo mmoja. Mtu akikwambia "fundi yule simwamini", hasemi kwamba fundi hayupo. Yupo, anamjua kwa sura, pengine ana namba yake ya simu. Anachosema ni kwamba hamkabidhi kitu chake. Basi kwenye Forgotten Realms, mojawapo ya dunia za kubuni za mchezo huu, karibu kila mkulima anajua miungu ipo, kama anavyojua mfalme yupo. Kuhani ni yule aliyejikabidhi. Tofauti iko hapo, na ni kubwa.

Sihiri ya mchawi ni mali yake. Kaisoma, kaiandika kitabuni, na kitabu kisipoungua au kuibwa hakuna wa kumdai. Nguvu ya kuhani ni amana, na amana ina mwenyewe. Waliotunga mchezo huu walilijua hilo mapema. Katika toleo la kwanza, la 1974, kuhani wa daraja la kwanza, anayeanza tu, hakuwa na dua ya muujiza hata moja. Alikuwa na alama yake takatifu ya kuwafukuzia wafu wanaotembea, basi; dua zilianza daraja la 2. Mwongozo wa 1979 ukaenda mbali zaidi: dua nazo zina madaraja yake; za la 3 hadi la 5 huletwa na watumishi wa mungu, za 6 na 7 unapokea kwa mungu mwenyewe, na ukivunja nadhiri unaweza kunyimwa. Mchawi gani hunyimwa?

Tena mungu ana hiari. Kwa kanuni za 2014, kuhani akifika daraja la 10 anaweza kumwomba mungu wake aingilie kati waziwazi. Unarusha dadu za mia, zinazotoa namba kati ya 1 na 100, na ukipata namba iliyo sawa na daraja lako au chini yake, unasikilizwa. Kumi kwa mia! Niliwahi kuwa na mchezaji mwenye kuhani wa Tyr, mungu wa haki. Wamezingirwa kwenye hekalu bovu, majeruhi sita ndani, mlango mmoja. Akaomba. Dadu zikasimama kwenye 64. Meza nzima kimya, wote wananitazama mimi kana kwamba naweza kubadilisha. Yeye akaitazama karatasi yake kidogo, akasema, "Haya. Nashika ngao, nasimama mlangoni. Toeni watu." Hakulalamika kwamba Tyr hayupo. Alijua yupo, alijua amesikia, na hakujua kwa nini amenyamaza. Kama hiyo si imani, sijui tuiite nini.

Kosa lingine ni la vitabu vyenyewe. Mwaka 1980 kilitoka kitabu cha miungu kilichompa Zeus pointi za uhai 400. Ukimpa mungu pointi, mchezaji ataanza kupiga hesabu ya panga, na mungu atageuka jitu kubwa lenye hazina. Mimi sivitumii viwango hivyo.

Eberron, dunia nyingine ya mchezo huu iliyotoka 2004, ilikwepa mtego wote: miungu haishuki, haionekani, na makuhani wanapata nguvu hata hivyo. Kwa anayeanza kuongoza, ni dunia rahisi zaidi.

Lakini kuna mahali hoja yangu inayumba, na sitalificha. Katika Forgotten Realms, baada ya mwaka 1358 wa kalenda ya huko, miungu ilipotupwa duniani, Ao aliye juu yao aliamuru nguvu ya kila mungu itegemee waumini wake. Sasa nani kaweka amana kwa nani? Mungu anayekonda watu wakiacha kumwabudu anafanana na mfanyabiashara, na kuhani na mteja wake. Halafu kuna ule Ukuta: roho zilizokataa kujikabidhi kwa mungu yeyote zinajengewa ukutani mpaka ziyeyuke. Unathibitisha ninachosema, maana hakuna aliyejengewa humo kwa sababu ya kutojua. Na bado unanichukiza. Nimejaribu kuutetea mezani mara mbili, mara zote nikaona aibu, nikautoa.

Ndipo tufike mbinguni, ambako watu hudhani hatimaye imani inaisha. Ahera ya mchezo huu ina maskani nyingi, kila mmoja na kwake. Ya wema wanaoshika sheria ni mlima wa ngazi saba, Celestia. Roho inaanzia chini, Lunia, ufukweni mwa bahari ya maji matakatifu chini ya nyota, halafu inapanda. Ngazi ya saba ni Chronias. Anayeingia huko harudi, na hakuna aliyewahi kuja kuwasimulia wa chini aliyoyakuta. Hata aliyekwisha kufa, miguu yake imo mbinguni, bado anapanda kuelekea asichokijua.

Kuhani wa mlangoni alikufa. Wenzake wakanunua almasi ya vipande 500 vya dhahabu, wakaisoma dua ya kumrudisha ndani ya siku 10 ambazo kanuni inaruhusu. Kanuni inataka roho iwe huru na iwe radhi, kwa hiyo nilimgeukia mchezaji wake, nikamweleza ufukwe, nyota, mlima. Nikamwambia unasikia wenzako wanakuita.

Alikaa na penseli mdomoni. "Waambie nawapenda," akasema, "lakini ndiyo kwanza nimeanza kupanda."