Mvinyo mwekundu wa Italia: si kila uliokaa umeiva

Wiki iliyopita mteja aliingia dukani ameikumbatia chupa ya Dolcetto d'Alba ya 2009. Miaka yote hiyo ilikaa juu ya kabati la jikoni, na kesho yake alikuwa amealikwa chakula cha jioni ukweni. "Si itakuwa imenoga sana, ndugu yangu?" Tukaifungua palepale. Kizibo kilikuwa kimelowa hadi juu, mvinyo una rangi ya majani ya chai yaliyochemka mno, na harufu ni ya siki.

Dhana hii kwamba mvinyo mwekundu kadiri unavyokaa ndivyo unavyonoga naisikia karibu kila siku, na imeshaharibu chupa nyingi nzuri. Mvinyo mwingi wa Italia umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache: Dolcetto, Bardolino, Valpolicella ya kawaida. Unaoweza kukaa ni ule wenye tanini, yaani ule ukakasi wa maganda na mbegu za zabibu, na asidi ya kutosha. Zabibu ya Nebbiolo inazo zote mbili tele, ndiyo maana Barolo, mvinyo unaotokana nayo, ikiwa changa inakaza ulimi kama ndizi mbichi. Ipe miaka kumi hadi kumi na tano, ukakasi unalainika, na harufu ya waridi lililokauka na lami inajitokeza. Dolcetto inalimwa kwenye vilima vilevile vya Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, lakini asidi yake ni ndogo. Ukiitunza unaipotezea matunda yake tu. Na hata Barolo itakufa ukiiacha kwenye joto la Dar. Inataka giza, nyuzi 12 hadi 14, na chupa ilazwe. Kabla ya kumuuliza muuzaji chupa ni ya mwaka gani, muulize ilikuwa imehifadhiwa wapi.

Neno Riserva kwenye lebo nalo linawapumbaza wengi. Kwa Barolo maana yake ni kwamba imetunzwa miezi 62 kabla ya kuuzwa badala ya 38, basi. Mashapo chini ya chupa si dalili ya kuharibika: simamisha chupa wima tangu jana yake, kisha mimina taratibu. Kuifungua asubuhi "ipumue" hakusaidii, mdomo wa chupa ni mdogo mno, na mvinyo mzee ukimiminwa kwenye jagi mapema unaweza kupoteza harufu kabla wageni hawajaketi. Na "joto la chumba" ni la vyumba vya Ulaya ya zamani, nyuzi 16 hadi 18. Kwetu uweke kwenye friji kwanza.

Nilimuuliza mteja wangu ukweni wanapika nini. Mbuzi wa kuchoma, akasema, bila pilipili nyingi. Nikampa Brunello di Montalcino ya 2015, mvinyo wa Toscana wa zabibu za Sangiovese tupu, ambayo kwa sheria yao iliruhusiwa kuuzwa kuanzia Januari 2020 na sasa imetulia. Akatoka nayo mlangoni ameishika wima kwa mikono miwili.