Kusimamia kampuni kwa michakato, maana yake nini hasa?

Kampuni nyingi zimekatwa kwa idara, manunuzi huku, stoo kule, uhasibu ghorofa ya juu, na kila bosi anapimwa kwa mambo ya idara yake tu. Ila kazi yenyewe haikai idara moja. Oda inaanzia manunuzi, inapita stoo, inaishia kwenye malipo, na ikikwama katikati kila unayemuuliza anakwambia kwangu ilishatoka. Kusimamia kwa michakato ni kuishika hiyo kazi yote toka mwanzo mpaka mwisho, na kuwe na mtu mmoja anayeulizwa imeendaje. Idara hazifutwi jamani, naona watu wengi wanaogopa hapo.

Mfano unaotajwa sana ni Ford ya Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitengo cha kulipa masaplaya kwa Amerika Kaskazini peke yake kilikuwa na watu zaidi ya 500, wakapiga hesabu kwamba wakiweka kompyuta watabaki 400, wakaridhika kabisa, halafu wakachungulia Mazda, ambako walikuwa na hisa, wakakuta kazi hiyo inafanywa na watu 5! Hata baada ya kuzingatia udogo wa Mazda, bado Ford walikuwa na watu mara 5 ya wanaohitajika.

Na sio kwamba walikuwa wavivu. Karani alikuwa analinganisha oda, karatasi ya kupokelea mzigo na invoisi, zikikubaliana analipa, na muda mwingi ulikuwa unaishia kufukuzia zile zisizokubaliana. Sasa hapo uhasibu wangejirekebisha vipi wakati kosa limetokea manunuzi au stoo? Ndo wakabadili njia nzima, oda inaingizwa kwenye kompyuta, mzigo ukifika mtu wa stoo anacheki hapohapo, ukilingana anaupokea na hundi ya malipo inatoka, usipolingana unarudishwa kwa saplaya, mambo ya kusubiri invoisi yakaisha. Watu wakapungua kwa asilimia 75. Michael Hammer, mtaalamu wa usimamizi wa Marekani, ndo alikieneza kisa hiki kwa makala yake ya 1990.

Baadaye ISO 9001, kile kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, toleo la 2000, nayo ikaweka michakato katikati, kwa hiyo siku hizi kampuni kibao zina michoro ya mishale ukutani, huku bonasi bado inatolewa kwa kuangalia idara moja moja. Mi naonaga hiyo ni ya kumwonyesha mkaguzi tu, we waulize oda inachukua siku ngapi mpaka saplaya alipwe, uone kama kuna anayejua.