C na D sio diski mbili: diski, patisheni na voliumu ni nini hasa

Mtu anafungua laptop ya Windows anakuta C na D anasema mi nina diski mbili, alafu anahamishia picha zote D akijua ndo kafanya bekapu. Mara nyingi hapo diski ni moja tu, ikifa leo C na D zinaondoka pamoja. Kuhakikisha bonyeza kulia kwenye Start, ingia Disk Management, angalia kushoto kule chini: kama kuna Disk 0 peke yake basi unayo moja.

Diski ni kile kifaa chenyewe fundi anachokichomoa, iwe HDD yenye sahani zinazozunguka au SSD ambayo haina kinachozunguka. Data inakaa kwenye vipande vidogo vinaitwa sekta, vya baiti 512 au 4096, na diski yenyewe haijui faili wala folda, inajua namba za sekta basi. (Ile TB 1 kuonekana GB 931 hujaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024.)

Patisheni ni mipaka tu, kuanzia sekta hii hadi ile, na mipaka yenyewe imeandikwa kwenye jedwali mwanzoni mwa diski. Jedwali la zamani ni MBR, linabeba patisheni kuu 4 na kwa sekta za 512 halivuki kama TB 2, kwahiyo diski ya TB 4 ukiiweka MBR karibu nusu inakaa bure. Siku hizi tumia GPT, Windows inaruhusu hadi 128 na nakala ya jedwali inawekwa pia mwishoni mwa diski.

Sasa patisheni ikishafomatiwa, yaani imewekewa mfumo wa mafaili kama NTFS, exFAT au ext4, ndo inakuwa voliumu, kitu ambacho unaweza kusevu ndani yake. Herufi ni jina la kuiitia tu, A na B zilikuwa za flopi ndo maana tunaanzia C, na zipo voliumu hazina herufi kabisa, kama ile ndogo ya kuwashia kompyuta, hiyo usiiguse. Mfumo wa mafaili ndo pia unaofanya flashi ya GB 32 ikatae muvi ya GB 5 wakati iko tupu, kwasababu FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Ifomati exFAT yaishe, ila hamisha vitu vyako kwanza.

Pale watu wanapokwama sana ni C ikijaa. Unapunguza D, unapata nafasi, ukienda kwenye C Extend Volume iko kijivu haibonyezeki. Sababu ni kwamba nafasi inatakiwa iwe imegusana na C upande wa kulia, na ukipunguza D nafasi inatokea nyuma ya D, sio katikati yao. Wakati mwingine kuna na patisheni ya recovery (ya kurekebishia Windows ikiharibika) imekaa hapo hapo inaziba. Kama recovery haijaziba, njia ya uhakika ni kutoa kila kitu D ukakiweka diski nyingine, ufute D, ndo uongeze C, au utafute programu ya kusogeza patisheni na hapo bekapu ni lazima.

Kwenye Linux, LVM (Logical Volume Manager, mfumo wa kusimamia voliumu) ilishaondoa huo usumbufu. Diski au patisheni zinaitwa PV (physical volume), zinachangishwa kama hela za kikoba kwenye fungu moja linaitwa VG (volume group), alafu unakata LV (logical volume), yaani voliumu za saizi unayotaka bila kujali nafasi imetoka diski gani wala kama imegusana. Ikijaa unaongeza diski kwenye fungu, unapiga amri ya lvextend na -r ili mfumo wa mafaili nao ukue, kazi imeisha bila kuzima seva. Ubaya wake LV ikitandazwa juu ya diski mbili bila RAID ya kuweka nakala ya data kwenye diski nyingine, diski moja ikifa unaweza kupoteza voliumu nzima.