Nani Mwenye Kura Ndani ya Labour?

Migogoro ya chama cha Labour cha Uingereza husimuliwa kama vita vya sera kati ya mrengo wa kushoto na wa kulia. Kwa sisi tunaochambua vyama vya siasa, ukweli hujificha kwenye kanuni: nani anapiga kura, na kura yake ina uzito gani.

Hadi 1980, wabunge peke yao ndio waliomchagua kiongozi. Januari 1981, mkutano maalumu wa Wembley ukavipa vyama vya wafanyakazi asilimia 40 ya kura, wabunge 30, matawi ya majimbo 30. Wakongwe wanne wa mrengo wa kulia, waliopinga hatua hiyo, wakajitoa, wakaanzisha chama kipya cha SDP. Septemba, Denis Healey wa mrengo wa kulia alimshinda Tony Benn wa kushoto kwenye unaibu wa kiongozi kwa chini ya asilimia moja. Chama cha wafanyakazi wa usafiri, TGWU, kilikuwa kimekusanya maoni mikoani, na mengi yalimwelekea Healey. Ukumbini, wajumbe wake wakampa Benn kura zote kwa mkupuo, kwa niaba ya watu zaidi ya milioni moja. Hapo ndipo penye kidonda cha Labour, na naamini hakijapona.

Kiongozi John Smith alihatarisha uongozi wake 1993 ili kura hiyo ya mkupuo isimchague tena kiongozi. Ed Miliband, naye akiwa kiongozi, akaenda mbali zaidi 2014: mwanachama mmoja, kura moja, na mfuasi aliyelipa pauni 3 naye akapiga kura. Mrengo wa kulia ulishangilia, ukiamini umma ungechagua mtu mwenye msimamo wa wastani. Mwaka uliofuata Jeremy Corbyn, mgombea wa mrengo wa kushoto, alipata wadhamini wabunge 36, wakati kanuni ilitaka 35, na baadhi yao hawakukusudia kumchagua. Akashinda kwa asilimia 59.5. Wabunge 172 walipomkataa 2016 dhidi ya 40 waliomuunga mkono, wanachama walimrudisha kwa kura nyingi zaidi.

Kiongozi Keir Starmer alitaka kurudisha 2021 mfumo wa zamani wa kugawa kura kati ya wabunge, vyama vya wafanyakazi na wanachama. Vyama vya wafanyakazi vikakataa. Akaambulia kizingiti: mgombea adhaminiwe na asilimia 20 ya wabunge. Kwa wabunge 411 waliochaguliwa 2024, hao ni zaidi ya 80. Nakiona kizingiti hicho ni kirefu mno. Mwanachama bado ana kura yake, lakini majina atakayoyakuta kwenye karatasi yameshachujwa bungeni.