Meme za Siasa: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

"Hizo ni meme tu, utani wa vijana wasio na kazi." Kauli hii kuhusu picha za utani zinazosambazwa mtandaoni nimeisikia kwa kinyozi, kwenye matatu ya Rongai, hata kwa wazee ninaowaheshimu. Juni 2024 iliwajibu. Rais William Ruto wa Kenya alikuwa ameshabandikwa jina la Zakayo tangu 2023, yule mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko aliyepanda mkuyu. Aliyeona meme za Zakayo hakuhitaji kusoma Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, ukurasa kwa ukurasa. Hadithi aliijua tangu utotoni, na amri ilikuwa imo ndani yake: shuka upesi. Basi Nairobi ikaimba "Zakayo shuka". Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, na kesho yake rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Sisemi meme ziliuangusha mswada. Waliouangusha ni watu waliosimama mbele ya risasi, na wapo ambao hawakurudi nyumbani. Ila meme ziliwajulisha watu wasiofahamiana kwamba hasira yao ni moja.

Wengine hudhani jambo hili ni la kuletwa. Neno lenyewe, kweli, lilibuniwa na mwanabiolojia Mwingereza, Richard Dawkins, mwaka 1976. Lakini Mswahili gani asiyejua jina la kanga? Maneno machache chini ya picha, hayamtaji mtu, na mlengwa anajua ni yeye.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba meme ni silaha ya mnyonge, kwa hiyo huwa upande wa haki. Silaha haimjui mwenye nayo. Kwenye uchaguzi wetu wa 2017, kampuni ya Marekani iitwayo Harris Media ilitengeneza video za kumtisha mpiga kura juu ya Raila Odinga, zikaonyesha nchi inayoteketea endapo angeshinda. Mwaka 2021 utafiti wa taasisi ya Mozilla ulionyesha jinsi Wakenya walivyokuwa wakilipwa kupandisha hashtegi za kuwachafua majaji na wanaharakati. Kule Urusi kulikuwa na kiwanda kizima cha kutengeneza machapisho ya namna hii mjini St. Petersburg, Facebook ilikadiria kwamba machapisho yake huenda yaliwafikia Wamarekani milioni 126. Kwa hiyo picha ikikuchekesha sana, jiulize nani aliilipia kabla hujaisukuma mbele.

Hapo ndipo wema wetu hutuponza. Kwenye kundi letu la WhatsApp la familia, shangazi alituma picha ya uongo akiuliza, "Wanangu, hii ni kweli?" Hakuwa na nia mbaya. Kufikia jioni picha ilikuwa kwenye makundi mengine matatu, na lile swali lake lilikuwa limekatwa. Tunaamini kwamba kuuonyesha uongo ni kuukanusha, kumbe tunaubeba mgongoni. Kama ni lazima uuonyeshe, upige mstari juu ya picha yenyewe, na uanze na ukweli.

Njia nyingine ni kutobishana kabisa. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, watu wa kawaida waliojiita NAFO waliwajibu maafisa wa Urusi mtandaoni kwa katuni za mbwa aina ya Shiba, na wakachangisha fedha za kuisaidia Ukraine vitani kwa katuni hizohizo. Balozi anayejibizana na mbwa wa katuni amekwisha kupoteza heshima aliyoitegemea ili uongo wake uaminiwe.

Na wapo wanaosema kichekesho hakimfungi mtu. Mwaka 2018 tulitungiwa sheria ya makosa ya mtandaoni iliyoadhibu uchapishaji wa habari za uongo. Mwishoni mwa 2024 vijana kadhaa walitekwa baada ya kusambaza picha za kumkejeli rais, akiwemo mchoraji wa vivuli. Baadhi waliachiliwa mwanzoni mwa Januari 2025. Michoro ya kijana huyo mchoraji ilikuwa kivuli cheusi tu, hakina macho wala mdomo, na kila aliyekitazama alijua ni nani.