TSH ikiwa chini, tezi imezidi

Wagonjwa wengi wa tezi ya thairoidi wanaonijia hapa Tanga huwa na karatasi ya maabara mkononi na jibu tayari kichwani: "Daktari, TSH yangu iko chini mno, tezi imelala." Ni kinyume chake. TSH haitoki shingoni. Hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi itoe homoni za T4 na T3. Homoni hizo zikijaa kwenye damu, huko juu huacha kuhimiza, na TSH hushuka hadi karibu na sifuri. Ndiyo maana nataka kuona T4 pia, hasa baada ya kuanza dawa, kwani TSH inaweza kubaki chini kwa miezi kadhaa ilhali T4 imeshatulia.

Nani basi anayeihimiza tezi? Katika ugonjwa wa Graves, ulioelezwa na daktari Robert Graves wa Dublin mwaka 1835, ni kinga ya mwili yenyewe. Hutengeneza kingamwili zinazojibandika palepale TSH inapojibandika, na hapo tezi huwa kama kengele ya mlango ambayo kitufe chake kimekwama. Inavimba, inamwaga homoni usiku na mchana. Kinga hiyohiyo hushambulia nyama za nyuma ya macho, ndiyo maana macho yanaweza kutoka hata homoni zikiwa sawa. Sigara huyaharibu zaidi. Kwa hilo sina lugha ya upole.

Mgonjwa anakula vizuri na bado anakonda. Moyo unakwenda mbio, vidole vinatetemeka, hedhi inaruka, hasira ziko karibu. Mtaani kukonda namna hiyo kuna majina yake: ukimwi, kifua kikuu, sukari, na macho yakishatoka, basi ni jini. Vipimo vya maradhi hayo vifanyike, lakini vikiwa safi msiishie hapo, hasa kwa mwanamke, maana wanawake ndio wanaopata zaidi. Mgonjwa huyu pia huona joto kuliko wenzake, na habari hiyo ya joto naiuliza kwa hila kidogo. Wakati wa kaskazi mtaa mzima wa Ngamiani hapa Tanga unalalamika, kwa hiyo namuuliza kuhusu Julai, kusi inapovuma: nani nyumbani analala bila shuka?

Halafu kuna mwani. Unalimwa pwani yetu, na siku hizi unga wake unasifiwa kutibu kila uvimbe wa shingo. Rovu walilokuwa nalo wazee wengi wa milimani lilitokana na upungufu wa madini joto (iodini), na chumvi yenye madini hayo ndiyo kinga yake. Hili la Graves si hilo. Mwani umejaa madini joto, na kumpa mgonjwa huyu kunaweza kumzidishia homoni. Chumvi ya kawaida ya mezani aendelee nayo.

Dawa tunayoanza nayo kwa kawaida ni kabimazoli, miezi 12 hadi 18. Karibu nusu ya wagonjwa ugonjwa huwarudia baada ya kuiacha. Propranolo hutuliza moyo na mikono, ila mwenye pumu asiiguse. Ukiwa kwenye kabimazoli ukapata homa na koo linauma, usiende duka la dawa kutafuta vidonge vya koo. Acha dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo upimwe chembe nyeupe za damu, kwa sababu mara chache dawa hii huziangusha, na hapo maambukizi madogo yanaweza kuua. Ukishika mimba, au ukipanga kushika, sema mapema ili dawa ibadilishwe.

Ugonjwa ukirudi, hubaki upasuaji au iodini ya mionzi, tiba iliyoanza Boston mwaka 1941. Mionzi hiyo haipewi mjamzito wala anayenyonyesha, na macho yakiwa mabaya tunasita. Baada ya tiba hizi wengi hubaki na tezi isiyotosha, hivyo humeza levothairoksini, yaani T4 ya kidonge, maisha yao yote. Wagonjwa huiogopa hiyo "maisha yote" kuliko ugonjwa wenyewe. Mimi siiogopi: ni kidonge kimoja asubuhi, kwa maji, tumbo likiwa tupu. Chai ya maziwa na mahamri visubiri nusu saa au zaidi.