Sachi imetoka safi, lakini gari je?

Mwaka jana nilisimama kwenye yadi moja hapa Nakuru na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amejiwekea akiba kwa miaka minne ili anunue gari aina ya Toyota Fielder. Dalali akatuonyesha kwenye simu yake sachi, yaani matokeo ya kulitafuta gari kwenye daftari la usajili: "Sachi ndiyo hii dada, iko safi." Na kweli ilikuwa safi. Jina la mmiliki lilikuwa lile lile la kwenye kitambulisho cha muuzaji, deni hakuna, zuio hakuna. Tukalipa. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yakajaa kwenye buti. Fundi akainua zulia na gurudumu la akiba, tukaona sakafu imechomelewa kutoka upande mmoja hadi wa pili. Gari lilikuwa limegongwa vibaya kwa nyuma, likanyooshwa, likapakwa rangi, likaletwa sokoni.

Karatasi haikutudanganya. Tuliiuliza swali moja, tukadhani imejibu mawili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitega sikio watu wanapozungumzia kununua gari lililotumika, kuanzia hapa kwetu hadi Kisumu na Busia. Yafuatayo ni maneno ninayoyasikia mara nyingi, na ambayo yanaendelea kugharimu watu wema pesa zao.

"Sachi ikiwa safi, gari halijawahi kupata ajali"

NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ndiyo inayotunza daftari la usajili wa magari. Ukifanya sachi kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unapata jina la mmiliki, aina na modeli ya gari, mwaka lilipotengenezwa, rangi, namba ya chasisi, namba ya injini, na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa pamoja na mwenye gari. Yote hayo yanahusu gari ni lipi na ni la nani. Hutaona mahali palipoandikwa kwamba liligongana na lori Salgaa au lilizama Ahero.

Ajali huku kwetu huacha alama sehemu tatu: kituo cha polisi ikiwa mtu alichukua abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha tukio, kampuni ya bima ikiwa alidai fidia, na gereji. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomimina habari zake kwenye sachi. Tena wengi wetu tuna bima ya thadi pati, ambayo haitengenezi gari lako mwenyewe. Ukigonga ukuta unampelekea fundi wa bodi wa jua kali, mnaelewana bei, na habari inaishia hapo hapo kati yenu wawili. Hata gari ambalo bima imeona gharama ya kulitengeneza haifai, mwenyewe hulipwa na lile bovu likauzwa kwa mnada. Mnunuzi hulifufua, likarudi barabarani na namba yake ile ile.

Kwa hiyo anayeulizwa kuhusu ajali ni gari lenyewe. Tazama boliti zinazoshika boneti na madigadi: rangi ikiwa imekwaruzika kwenye vichwa vyake, ujue zimewahi kufunguliwa. Soma alama zilizo pembeni mwa vioo, na ukikuta kimoja ni cha kiwanda tofauti na vingine, uliza kwa nini. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Kwenye lebo yake mara nyingi kuna tarehe ya kutengenezwa, na mkanda ulio mpya kuliko gari una kisa chake. Matope makavu au ukungu mwishoni mwa mkanda ni dalili ya gari lililozama, na baada ya mafuriko ya 2024 magari ya namna hiyo si ya kufikirika tu. Angalia pia reli za viti, kwa sababu zulia huoshwa lakini kutu iliyo chini ya kiti husahaulika.

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya mifuko ya hewa (airbag) inapaswa kuwaka sekunde chache kisha izime. Ikikaa imewaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa ni vibaya zaidi, maana huenda kuna mtu aliyeizima kusudi, mifuko ilishafumuka na haikurudishwa. Ningeomba kila mzazi anayenunua gari la kubebea watoto akumbuke hili moja hata akisahau mengine yote. Nyumba njema si mlango, walisema wazee, na rangi inayong'aa ni mlango tu.

"Nitaingiza VIN kwenye intaneti nione historia yote"

Vijana wameona video za Marekani zikisifu Carfax, kampuni inayotoa ripoti za historia ya magari, nao wanataka kufanya vivyo hivyo kwa Fielder au Probox. VIN, yaani namba ya utambulisho wa gari, ina herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina namba hiyo. Lina namba fupi ya fremu, kwa mfano NZE141 ikifuatwa na tarakimu saba. Ukiipeleka kwenye tovuti ya Marekani, hakuna cha kupata. Na hata huko Marekani, ripoti ya Carfax hueleza yale tu yaliyoripotiwa kwake. Ajali iliyotengenezwa kimyakimya haimo.

Kwa gari la Japani, karatasi zenye maana ni mbili. Ya kwanza ni ya mnada, ambapo mkaguzi huandika alama kama 4 au 4.5, na R au RA kwa gari lililowahi kutengenezwa baada ya ajali. Karatasi hii hughushiwa, kwa hiyo isikupe imani mpaka ilinganishwe na kumbukumbu za mnada kwa namba ya chasisi. Ya pili ni cheti cha kusafirisha gari nje, kinachotolewa na serikali ya Japani, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima. Huko gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili.

Gari la Uingereza nalo hupimwa kila mwaka likishatimiza miaka mitatu. Matokeo, pamoja na kilomita au maili zake, husomwa bure kwenye tovuti ya serikali yao ukiwa na namba ya usajili ya kule. Mwombe muuzaji namba hiyo. Lakini tovuti hiyo haionyeshi kama bima ililifuta gari baada ya ajali.

Hapo utaona tatizo letu lilipo. Gari lina historia ndefu iliyoandikwa hadi linaposhuka bandarini Kilindini, halafu kimya. Karatasi ya mnada ya mwaka 2019 haijui lolote kuhusu miaka mitano ya Nakuru.

"Ni KD, bado jipya hilo"

Herufi za mwanzo wa namba ya gari, kama hizo KD, husema gari lilisajiliwa Kenya lini, si lilitengenezwa lini. Kiwango cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kiitwacho KS 1515 huruhusu magari ya mtumba yasiyozidi miaka minane. Mwaka 2025, kwa mfano, gari lililosajiliwa kwa mara ya kwanza kule lilikotoka mwaka 2018 liliweza kuingia na kupewa namba mpya kabisa. Soma mwaka kwenye sachi.

"Kilomita ziko pale kwenye dashibodi"

Kurudisha kilomita za kidijitali ni kazi ya kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, na magari mengi ya watu binafsi huku hayapitii ukaguzi wa mara kwa mara ambao ungeweka msururu wa kilomita wa kulinganisha. Fanya hesabu mwenyewe. Nakuru hadi Kisumu ni kama kilomita 180. Probox inayokwenda na kurudi siku tano kwa wiki inamaliza zaidi ya 90,000 kwa mwaka. Sasa ukiletewa Probox iliyobeba abiria miaka mitatu na dashibodi inasoma 85,000, angalia mpira wa pedali ya breki, usukani uliolainika kama sabuni, na kiti cha dereva kilivyobonyea. Tafuta pia stika za kubadilisha oili kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, maana wanaorudisha kilomita mara nyingi husahau kuzibandua. Mimi binafsi afadhali gari la kilomita 160,000 za kweli lenye fundi mmoja ninayeweza kumpigia simu, kuliko la 70,000 lisilo na shahidi.

"Logbuku ina jina lake peke yake, basi hakuna deni"

Logbuku ni hati ya umiliki wa gari. Mara nyingi mkopeshaji huandikwa kwenye usajili, na hilo utaliona. Lakini tangu sheria ya 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, kuna daftari jingine la dhamana ambalo hutafutwa peke yake kupitia eCitizen. Kama bei ya gari ni jasho lako la miaka, tafuta na huko kwa namba ya kitambulisho cha muuzaji.

Sachi ya kuonyeshwa kwenye simu ya dalali ni picha tu, na picha huhaririwa. Hata ikiwa ya kweli, ya wiki tatu zilizopita haijui kilichoandikwa juzi. Ifanye mwenyewe siku ya kulipa, kisha inama usome namba ya chasisi kwenye chuma, ambayo mara nyingi iko kwenye ukuta ulio nyuma ya injini au chini ya kiti cha mbele. Ikiwa imesagwa au herufi hazikai mstari mmoja, ondoka. Namba ya injini isipolingana si lazima iwe wizi, kwani wengi hubadilisha injini, lakini mabadiliko hayo yanapaswa kusajiliwa kabla hujatoa pesa.

Na kuna la marehemu. Huko magharibi nimeona familia ikiuza gari la baba kwa moyo safi kabisa, sachi ikionyesha jina la mzee bila kasoro. Sachi haisemi kwamba mzee alishazikwa. Bila hati za usimamizi wa mirathi, uhamisho utakwama, nawe utabaki na gari lenye jina la mtu asiyeweza kubofya chochote kwenye eCitizen. Sheria ya Trafiki, Sura 403, inakupa siku 14 tu za kuendesha gari baada ya kubadilisha mmiliki kabla hujasajiliwa.

"Busia kuna gari la bei nafuu, utalisajili baadaye"

Busia ni mpakani, na gari lenye namba za Uganda likiwa limepita miaka minane halisajiliki Kenya, hata likiwa zuri namna gani. Hakuna sachi itakayolibadilisha hilo.

Mwezi uliopita binamu yangu wa Kisumu alipata Axio ya bei ya kuvutia. Alifanya sachi mwenyewe, ikatoka safi. Kisha akamlipa fundi wake, wakalipandisha mlima wa Riat hadi injini ikapata moto sawasawa, wakasimama kando ya barabara, wakazima, wakafungua swichi. Taa ya mifuko ya hewa haikuwaka. Fundi akachungulia chini ya dashibodi akakuta waya umekatwa na kufungwa kwa tepu. Binamu akamrudishia mwenye gari funguo, akapanda matatu ya Kondele.